SOMO: KUKAGUA RILI YA KUVULIA KABLA YA KUTOA FEDHA



Wenzetu wengi wa viwandani na mashambani huvua samaki siku ya mapumziko. Siku hizi madukani kuna rili bapa, mashine ndogo ya kukunjia uzi inayokaa juu ya ufito. Muuzaji husema inafaa ziwani na baharini pia, na bei yake yaweza kumeza ujira wa siku nyingi.

Tuseme wenzetu kumi wa shamba la miwa karibu na Jinja, Uganda, wamechanga fedha wanunue moja. Wanataka kuvua sangara Ziwa Victoria. Mmoja wao, ambaye kwao ni Mombasa, ataichukua wakati wa likizo akavue kolekole. Wataijuaje iliyo njema?

Wasidanganywe na mng'aro. Rili ina giya, breki na beringi, na sisi mashine ndiyo kazi yetu. George Snyder wa Kentucky, Marekani, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa rili za jamii hii mwanzoni mwa karne ya 19, alikuwa fundi saa. Basi mtu wa karakana aweza kuipima mwenyewe palepale dukani.

1. Bobini. Ukitupa chambo, uzito wake huvuta uzi, na uzi huzungusha bobini. Bobini ikienda mbio kuliko uzi unavyotoka, uzi hufumuka na kufungamana kama kiota cha ndege. Ndiyo maana kuna kirungu kidogo cha kukaza, upande wa mkono wa kuzungushia. Funga kizito kwenye uzi, achia bobini, kaza mpaka kizito kishuke polepole. Kikigusa sakafu, bobini isimame. Ikiwa haisimami hata ukikaza, irudishe. Muulize pia muuzaji akuonyeshe breki ya pili ya kutupia, ya sumaku au ya vizito vidogo, na jinsi ya kuirekebisha.

2. Giya. Tia bobini alama ya chaki, zungusha mkono mara moja, hesabu. Ikiwa giya ni sita kwa moja, bobini izunguke mara sita. Kama mzunguko wa bobini iliyojaa ni sentimita 10, basi kila ukizungusha mara moja unavuta uzi sentimita 60. Giya ya tano ina nguvu zaidi. Ya saba ina mbio zaidi. Sikiliza: isikwaruze. Na mkono usirudi nyuma.

3. Breki ya samaki. Hii ni ile nyota iliyo karibu na mkono. Kazi yake ni kuachia uzi samaki anapovuta, usikatike. Funga uzi kwenye mizani ya ndoana, uvute. Utoke laini, bila kushtuka-shtuka. Kipimo ni robo mpaka theluthi ya nguvu ya uzi. Uzi unaokatika kwa kilo 6, breki ianze kuachia kabla ya kupita kilo 2.

4. Chumvi. Hapa ndipo fedha za wengi hupotelea. Neno "baharini" juu ya sanduku halizuii kutu. Uliza: beringi ni za chuma kisichoshika kutu? Zimefunikwa? Skurubu ndefu inayopeleka kiongozi cha uzi huku na huku ni ya madini gani? Vipuri vinapatikana? Muuzaji asiyeweza kujibu, msimpe fedha za kikundi.

Rili ikitoka baharini ioshwe siku ileile. Kwanza kaza breki ya samaki ili maji yasiingie. Isuuze taratibu kwa maji yasiyo na chumvi. Usiipige kwa mpira wa maji wenye nguvu, maana utaisukuma chumvi ndani. Ipanguse, ianike kivulini, kisha legeza breki. Tia tone moja la mafuta kwenye beringi na kwenye ile skurubu ndefu.

5. Kiasi cha kazi. Rili bapa ya ukubwa wa kati hubeba kama meta 100 za uzi wa nailoni wa milimita 0.35. Inatosha kwa sangara wadogo wa ukingoni na kolekole wa wastani. Lakini sangara aweza kupita kilo 100, na huyo, kama jodari wa bahari kuu, hutaka rili kubwa zaidi. Na anayetafuta kitoweo tu, mshipi wa mkono bado unamtosha kwa bei ndogo sana.

Basi wenzetu wa Jinja wanunue ikiwa imepita mitihani yote minne ya kwanza, na ikiwa samaki wanaowataka ni wa kiasi chake. Mweka hazina atunze risiti. Iandikwe kwenye daftari nani anaichukua, lini, na nani ameiosha. Chombo cha kumi kisipokuwa na mwoshaji huliwa na kutu, na mchango wa wote huenda nacho.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini breki ya samaki hukazwa kabla ya kuosha na kulegezwa baada ya kukauka?
2. Uzi wetu hukatika kwa kilo 9. Breki ianze kuachia kwa kilo ngapi?
3. Rili ikiharibika mikononi mwa mmoja, nani atalipa? Kubalianeni kabla ya kununua.