Bloku Huanzia Miguuni: Mafunzo Niliyopata kwa Hakeem Olajuwon

Nafundisha vijana mpira wa kikapu kwenye uwanja wa saruji huku Temeke, na wazazi wengi wanaoniletea watoto huanza na sifa ileile: "Kocha, huyu mrefu." Tangu Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, achaguliwe wa pili katika drafti ya NBA mwaka 2009, urefu umekuwa kama cheti. Mimi huwajibu kwa habari za Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Nigeria anayeshikilia rekodi ya bloku katika NBA: 3,830. Manute Bol wa Sudan alikuwa mrefu kuliko yeye. Dikembe Mutombo wa Kongo vilevile, na ndiye anayemfuata kwa bloku 3,289. Basi siri haikuwa kimo. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kumfuatilia na kuyajaribu uwanjani.

1. Mchezo wa kwanza haupotei

Olajuwon alizaliwa Lagos mwaka 1963, wazazi wake wakifanya biashara ya saruji. Hadi umri wa miaka 15 hivi hakuwa amegusa kikapu. Alikuwa golikipa wa soka na mchezaji wa mpira wa mikono, lakini mwaka 1980 tayari alikuwa Chuo Kikuu cha Houston, Marekani. Mtu akitazama harakaharaka ataona muujiza. Mimi naona kipa aliyezoea kusoma nyonga na bega la mpigaji kabla mpira haujaondoka mguuni.

Ndiyo maana nikitafuta vijana husimama kwanza nyuma ya magoli ya soka. Kipa anayejua lini atoke na lini abaki langoni hujifunza kikapu upesi kuliko mrefu ambaye hajawahi kuukimbilia mpira. Wasichana nawatafuta kwenye netiboli. Hao sihangaiki kuwaeleza habari ya kutembea na mpira, kwa kuwa miguu yao imeshazoea kutulia pindi wanapoudaka.

2. Bloku huanzia miguuni

Tazama mechi ya sita ya fainali za NBA za 1994. Houston Rockets, timu ya Olajuwon, wanaongoza 86 kwa 84, sekunde zinakatika, na New York Knicks wanahitaji ushindi huo mmoja tu wawe mabingwa. John Starks anapata mpira nje ya mstari wa pointi tatu. Kazi ya Olajuwon usiku ule ni kumkaba Patrick Ewing, jitu la chini ya kikapu. Anamwacha, anatoka nje hatua kadhaa, anajinyoosha, na ncha za vidole vyake zinaugusa mpira. Mtupo unakufa njiani. Houston wakashinda, wakashinda na mechi ya saba.

Mkono ndio ulioonekana kwenye picha, lakini miguu ndiyo iliyoufikisha mkono pale. Ndiyo maana Olajuwon ni mchezaji pekee wa NBA aliyevuka bloku 2,000 na pia kupora mipira zaidi ya 2,000. Kupora ni kazi ya wafupi wepesi, na yeye aliwafuata hukohuko.

Kwangu, zoezi la bloku huanza bila kuruka. Mlinzi anaweka mikono mgongoni na kuteleza kwa miguu, akibaki kati ya mshambuliaji na kikapu. Vijana hulichukia zoezi hili. Ila baada ya muda faulo zao hupungua, maana anayewahi mahali pake hana haja ya kumrukia mtu.

3. Fanya mazoezi na anayekuumiza

Wakati wa likizo, Olajuwon akiwa bado mwanafunzi, alikwenda kwenye ukumbi wa Fonde mjini Houston kupambana na Moses Malone, nyota wa Rockets aliyekuwa ameshatwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Malone alimsukuma, akamkandamiza, akamnyang'anya ribaundi. Kijana akarudi tena na tena.

Kwetu vijana wakiachiwa wachague wenza wa mazoezi, huchagua marafiki. Kwa hiyo napanga mimi. Anayejiona mbabe wa rika lake namtupia kaka wa timu ya wakubwa. Siku za kwanza hupigwa vikumbo na kununa, kisha huanza kuuliza maswali. Hapo ndipo mafunzo yanapoanza.

4. Fainali uliyopoteza haikufuti

Olajuwon alipoteza fainali ya vyuo 1983, akapoteza ya 1984 mbele ya Georgetown ya huyohuyo Ewing, kisha ya NBA mwaka 1986 mbele ya Boston Celtics. Ubingwa ukaja 1994 na 1995. Vijana wangu wakifungwa fainali ya mtaa, siwapi hotuba. Nawapa miaka hiyo mitano waisome.

5. Ibada ina nafasi kwenye ratiba

Februari 1995 iliangukia Ramadhani. Olajuwon alifunga, akacheza, na mwezi huo akatajwa mchezaji bora wa mwezi wa NBA. Hata hivyo simtumii kumlazimisha mtoto mwenye njaa akimbie juani. Ninachochukua kwake ni heshima ya mpango: Ramadhani tunahamisha mazoezi hadi baada ya tarawehe, na wasiofunga wanakuja saa hizohizo. Timu haigawanyiki.

6. Kisichoandikwa hakihesabiwi

NBA ilianza kuhesabu bloku rasmi msimu wa 1973–74. Bill Russell na Wilt Chamberlain walikuwa wamezuia mitupo isiyo na idadi, lakini Russell alikuwa ameshastaafu na Chamberlain hakucheza tena ligi hiyo, kwa hiyo hawamo kwenye orodha. Karatasi za matokeo za ligi zetu nazo huandika pointi na faulo basi. Mlinzi mzuri anamaliza msimu bila ushahidi wowote wa kazi yake. Ndiyo maana kwenye benchi letu huwa pana daftari, na mmoja wa wachezaji wa akiba huandika bloku, mipira iliyoporwa na ribaundi. Tangu tuanze, watoto wanagombania kukaba.

7. Rekodi ni yako, ujuzi ni wa wote

Olajuwon alistaafu mwaka 2002. Baadaye Kobe Bryant na LeBron James, wakiwa tayari nyota wakubwa, walimfuata Houston awafundishe namna ya kumpa mlinzi mgongo, kumhadaa kwa bega na kugeukia upande wa pili. Hakuwaficha.

Nimeifanya sheria: mchezaji mkubwa anayetaka kuutumia uwanja wetu humfundisha mdogo mmoja hatua anayoijua vizuri. Majuzi mmoja alinilalamikia kuwa dogo wake ameanza kumpiga bloku mbele za watu. Nikaiandika bloku ile kwa jina la dogo, na yule mkubwa nikamwambia arudi kesho amfundishe hatua nyingine.