Mwaka wa Kupunguza Uzito: Vidokezo kwa Waliohamia Bunia Kutoka Kpandroma

Mtu akihama Kpandroma kuja Bunia, mwili wake hubadilika upesi kuliko lafudhi yake. Kule milimani maji yako bondeni, shamba liko ng'ambo, soko liko nyuma ya kilima, na kote huko huendwa kwa miguu. Bunia pikipiki inakungoja mlangoni, unga umeshasagwa, na kazi nyingi hufanywa mtu akiwa amekaa. Tangu Desemba 2017, vita vilipoanza tena katika wilaya yetu ya Djugu, wengi wetu tumeshuka mjini bila kupanga, na wengine hatujarudi. Waliopata kazi na mshahara wamenenepa. Mimi ni mmoja wao, na nimemaliza mwaka mzima wa kupunguza uzito na kurudisha pumzi. Nimeandika hapa yale yaliyonisaidia, pamoja na yale ambayo wataalamu wameyapima.

1. Mtafute fundi cherehani kabla ya kutafuta mizani

Mizani ya nyumbani ni ghali, na ya sokoni imezoea magunia. Futi ya fundi inatosha. Izungushe kiunoni usawa wa kitovu, toa pumzi kwa kawaida, usibane tumbo, kisha andika namba. Kwa mwanamume hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huanza kupanda kiuno kikifika sentimita 94, na kwa mwanamke 80. Kikifika 102 na 88, imepanda sana. Pima mara moja kwa mwezi. Anayepima kila asubuhi huona maji aliyokunywa jana na chumvi aliyokula juzi, akakata tamaa bure.

Akina mama wana kipimo kingine kisichohitaji namba. Kikwembe kilekile, ukikifunga, ncha yake inafika wapi leo, na ilifika wapi wakati wa mvua za kwanza?

2. Jua kwanza kazi ya chakula na kazi ya miguu

Ningependa kila anayeanza akijue kidokezo hiki mapema, maana wengi hukimbia wiki tatu, hawaoni mabadiliko, wakaacha kila kitu.

Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadza, watu wa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wanaume wao hutembea yapata kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti uliopima nguvu ambazo miili yao hutumia kwa siku. Walitarajia kuona hesabu kubwa kuliko ya watu wa mjini. Haikuwa hivyo. Ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadza walitumia nguvu karibu sawa na watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Inaelekea mwili unaotembezwa sana hubana matumizi kwingine.

Kwa hiyo uzito unaongozwa zaidi na sahani. Miguu nayo ina kazi yake, tena kubwa: hushusha presha, husaidia sukari ya damu, huleta usingizi, huimarisha moyo, na huzuia kilo zilizoondoka zisirudi. Ukiyajua haya mawili utatembea kwa furaha bila kuidai kila hatua ikulipe gramu.

3. Shika mwiko wewe mwenyewe

Sombe, yaani majani ya muhogo, ni chakula kizuri sana. Kinachoongeza uzito ni mawese yanayoelea juu yake, na karanga zilizotwangwa zikiongezwa hapohapo. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta, yawe ya mawese au ya chupa, kina kalori zipatazo 120. Kuzichoma kwa kutembea haraka kunachukua karibu nusu saa. Sufuria ya familia ikipokea upawa mzima, kila sahani imebeba vijiko viwili au vitatu ambavyo hakuna anayeviona.

Usiyafukuze mawese jikoni. Yale mekundu, ambayo hayajachemshwa mpaka yakapauka, yana karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na watoto wanaihitaji. Pima tu. Weka kijiko cha mezani kando ya sufuria, hesabu kijiko kimoja kwa kila mlaji, kisha funga chupa. Kitunguu kikiachwa kiive polepole na nyanya, kwa moto mdogo na maji kidogo, mchuzi unakuwa mzito na hakuna anayelalamika. Nyumbani kwangu hakuna aliyeuliza.

4. Vinywaji: chai, soda, bia

Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4. Vijiko vitatu katika kikombe, vikombe vitatu kwa siku, tayari ni gramu 36. Chupa ndogo ya soda ina kiasi kama hicho peke yake. Punguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, ulimi utafuata. Maziwa na tangawizi husaidia sana.

Bia: pombe iliyomo katika chupa kubwa moja hubeba kalori kama 200 hata kabla ya kuhesabu wanga wake, na huja na mishikaki. Anayeiacha kabisa hupungua haraka. Asiyeiacha, basi chupa moja, tena mwisho wa juma.

5. Rudisha maharage ya kwetu

Nyanda zetu za juu zina bahati. Kutoka Kpandroma na Rethy hadi Nioka udongo unatoa maharage, kabichi, karoti, vitunguu na viazi, na magari yanapopita salama vyote hivyo hufika Bunia. Lakini ukishakaa mjini, sahani hugeuka: fufu kubwa, mboga ya kulowanisha vidole tu. Unga wa muhogo unashibisha kwa saa chache, na protini yake ni haba mno. Maharage yana protini na nyuzinyuzi kwa wingi, ndiyo maana aliyeyala mchana hatafuti mandazi saa kumi.

Geuza vipimo. Nusu ya sahani iwe mboga, robo maharage, samaki au nyama, robo iliyobaki fufu, wali au viazi. Fufu ikandwe donge dogo, lenye ukubwa wa ngumi yako, na anayetaka zaidi aongeze mboga kwanza. Viazi vichemshwe na ganda. Vikikaangwa, rudi kidokezo cha tatu.

Jambo hili la nyuzinyuzi lina historia ya jirani kabisa. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda tangu 1946 hadi 1966. Mwaka 1961 alifunga safari ndefu ya gari kutembelea hospitali za Afrika, akichunguza uvimbe wa taya za watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mmoja wa wenzake wawili safarini alikuwa Ted Williams, daktari wa Kuluva, karibu na Arua, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Baadaye Burkitt alitumia miaka mingi kuwaambia watu wa nchi tajiri kwamba walaji wa vyakula visivyokobolewa, aliowaona Afrika, hawakusumbuliwa na kufunga choo na maradhi mengine ya utumbo kama wao. Baadhi ya hoja zake zimebishaniwa. Faida ya nyuzinyuzi kwa shibe, choo na sukari ya damu imesimama. Watu waliompa fundisho hilo walikula kama bibi zetu, na inaniuma kuona sisi wajukuu tukihamia mkate mweupe tukidhani tumepanda cheo.

6. Tembea mchana, tembea na wenzako

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani mwendo wa kukufanya uheme lakini bado unaweza kuongea. Dakika 30 kwa siku tano zinatosha kuanzia. Namna rahisi kwa mtu wa Bunia ni kumwambia mwenye pikipiki akushushe kabla ya kufika, au kuacha kumpanda kabisa asubuhi na kumpanda jioni ukiwa na mzigo.

Usitoke gizani. Tangu Mei 2021 mkoa wetu uko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na hata bila hiyo kila mtu anajua njia za pembeni zilivyo. Ngoja kupambazuke, pita barabara zenye watu, mwachie mtu wa nyumbani habari ya unakopita. Kundi la watu wanne au watano wa mtaa mmoja ni bora kuliko shujaa mmoja. Kiangazi, Desemba hadi Februari, vumbi la Boulevard de la Libération huwahi kuamka mara pikipiki zikianza kazi, kwa hiyo muwahi kabla yake au mtafute njia yenye miti.

Viatu: mitumba mizuri inatosha, mradi kisigino hakichezi. Kandambili hapana, zinaumiza nyayo kwa mwendo mrefu.

7. Bido la lita 20

Anayepunguza chakula bila kutumia misuli hupoteza mafuta na misuli pamoja, na bila misuli ngazi zinakuwa mlima. Mazoezi ya nguvu yanahitajika siku mbili kwa wiki. Vyuma si lazima. Bido la maji la lita 5 ni kilo 5, la lita 20 ni kilo 20, na kila nyumba inayo. Lishike kwa mikono miwili kifuani, chuchumaa polepole, inuka. Anza na dogo. Goti likiuma, chuchumaa na mwili wako tu ukishika mgongo wa kiti.

8. Jiandae kwa maneno ya watu

Huku kwetu kupungua ni habari mbaya. Shangazi atakushika mkono akuulize una nini. Mwingine atanong'ona UKIMWI, mwingine kifua kikuu, mwingine atasema ndoa imeingia shida. Mtu mnene anasifiwa kuwa amepata, na mwembamba anaonewa huruma. Usikasirike. Wanaouliza wameona ndugu wakikonda kwa njaa, kwa ugonjwa na kwa kukimbia usiku, na hofu yao ni upendo. Jibu fupi linatosha: "Shangazi, daktari alinishauri nishushe presha, nami naendelea vizuri." Kisha mpe habari za watoto.

Na wana haki kwa jambo moja. Kilo zikishuka bila wewe kutaka, ukiwa na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, homa na jasho la usiku, au kiu na mkojo wa mara kwa mara, nenda kituo cha afya upimwe kifua kikuu, VVU na sukari. Usijipongeze kwanza.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Tunapunguza uzito katika mji ambao una kambi ya wakimbizi wa ndani Kigonze, na Djugu yenyewe ina watu wengi wasiojua watakula nini kesho. Mbele yao usizungumze habari za kilo ulizopoteza. Mimi fedha za soda na mandazi niliziweka kando, zikawa unga na maharage kwa jamaa waliokuja na godoro tu. Naomba kila anayeanza afanye vivyo hivyo kwa anayemjua. Kipimo chochote kitakachotoka nyumbani kwako kinamtosha mtu fulani kwa jioni moja, na watoto wasihesabiwe kamwe katika kupunguza kwako. Mtoto anayekua, mjamzito na anayenyonyesha wale washibe.

9. Vidonge, hapana

Sokoni na kwenye simu kunauzwa chai za kukondesha. Nyingi huharisha. Kinachotoka ni maji, mafuta yanabaki palepale, na figo zinaumia. Vipo pia vidonge vya kunenepesha, ambavyo mabinti hupeana kwa siri ili wapate makalio. Vingine ni deksamethasoni, dawa ya kweli yenye kazi yake hospitalini, lakini ikimezwa ovyo hupandisha sukari na presha, na ukiikata ghafla baada ya muda mrefu unaweza kuzimia au hata kufa. Binti aliyeshaanza asiache peke yake chumbani. Mpelekeni kwa daktari bila kumgombeza, apunguziwe kwa hatua.

10. Futi ikigoma, na Bonane ikifika

Miezi ya kwanza kiuno hushuka haraka, kisha hukwama. Ni kawaida: mwili mdogo hutumia nguvu kidogo kuliko mkubwa, na sahani iliyokupunguza mwezi wa pili sasa inakutosha tu. Usijinyime ghafla. Toa kijiko kimoja cha mafuta kwa siku, ongeza dakika 10 za kutembea, subiri mwezi mzima ndipo upime. Mtu mwenye kilo 90 akifika 85 amepunguza zaidi ya asilimia 5, na kiasi hicho peke yake kinatosha mara nyingi kushusha presha na sukari.

Mwisho wa mwaka sherehe hufuatana, Noeli mpaka Bonane, na kila nyumba utakayoingia itakupa sahani. Kula. Kukataa chakula cha mwenyeji kwetu ni kumtukana. Omba mwenyewe upakue, chukua kuku, chukua mboga, acha mchuzi wa juu, kunywa maji kati ya chupa, na mkirudi nyumbani mrudi kwa miguu mkiwa wengi, kabla jua halijazama. Fundi cherehani hufungua tena baada ya tarehe 2 Januari.