Amsha Mbegu Kabla ya Masika: Mwongozo kwa Wakulima wa Kansay

Mvua za kwanza zikinyesha Kansay, wilayani Karatu, kila mbegu isiyoota ni unyevu uliopotea bure. Ndiyo maana watafiti katika nchi mbalimbali wanajaribu plazima baridi: hewa hupitishiwa umeme mpaka ipate chaji bila kuunguza. Ikiigusa mbegu kwa sekunde au dakika chache, hulikwaruza ganda ili linywe maji upesi, na huua kuvu waliolishika. Ikizidi, hudhuru kiini.

Mashine hizo bado ni za maabara zaidi. Lakini usafi wa mbegu na maji ya mapema unaweza kuvipata nyumbani.

1. Pima uotaji
Wiki mbili kabla ya kupanda, chota mbegu juu, katikati na chini ya gunia. Changanya, hesabu 100 bila kuchagua nzuri. Zipange kwenye kitambaa cha pamba kilicholowa, kikunje, kiweke ndani penye joto na usikiache kikauke. Siku ya 7, hesabu zilizotoa mzizi na chipukizi lenye afya. Zikiwa 80, palipohitaji mbegu 4 weka 5. Zikiota nusu tu, tafuta mbegu nyingine mapema, yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini.

2. Loweka
Loweka mahindi usiku kucha katika maji safi, kwa muda wa saa 12 hadi 18. Mtama, saa 10 hivi. Usizidishe, mbegu itachipukia ndooni. Chuja, tandaza kivulini mpaka punje zisishikane mkononi, kisha panda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu. Wakulima wa India na Zimbabwe wameijaribu njia hii na kuona miche ikitokeza mapema. Wewe anza na mistari michache, uilinganishe na isiyolowekwa.

Mbegu ya dukani iliyopakwa dawa ya rangi usiiloweke, wala usiile, wala usiwape kuku.

3. Otesha kwa ajili ya lishe
Kuota hupunguza viambata vinavyozuia mwili kufyonza madini ya chuma na zinki. Loweka ulezi usiku mmoja, chuja, funika kwa siku 2 au 3 huku ukiusuuza kwa maji safi. Ukichipua, anika juani ukauke kabisa, pukuchua vichipukizi, saga. Hicho ndicho kimea, ambacho wataalamu wa lishe nchini wamekifanyia utafiti tangu miaka ya 1980. Koroga kijiko kimoja kwenye uji mzito wa mtoto, kisha uchemshe tena. Uji utalainika bila kuongezwa maji, na mtoto atapata chakula kingi katika bakuli lilelile.

Nafaka yenye ukungu usiioteshe wala kuisaga. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, mkoa jirani, na kupika hakuiondoi. Kausha vizuri, hifadhi pakavu, na mbegu ya msimu ujao itenge mapema.