Kuchomelea Mabomba ya Maji: Unaanzia Wapi?

Fundi anayetoka Kambu na mashine yake nyuma ya pikipiki anaweza kupata kazi popote penye kisima, tangi au bomba linalovuja. Kosa la wengi ni kununua mashine kwanza na kujifunza bomba baadaye.

Mabomba mengi mapya ya maji ni ya plastiki, na yale ya chuma chenye zinki kwa kawaida hufungwa kwa thredi. Hapo huna kazi. Kazi yako iko kwenye flanji, viraka, kona za bomba nene na stendi za tangi.

Zinki ndiyo inayowaumiza wanaoanza. Ikichomwa hutoa moshi mweupe, na jioni fundi hushikwa na baridi na homa akidhani ni malaria. Maziwa hayazuii jambo hilo, ingawa mafundi wengi wanayaamini. Saga zinki sentimita 3 kila upande wa unapochomelea, upepo upeleke moshi mbali na uso wako, na uvae barakoa ya moshi, si leso. Tangi lililowahi kuwekwa petroli usilichomelee kabisa.

Mashine ya inverta na jenereta ya kVA 5 zinatosha kwa rodi za milimita 2.5. Grenda ni lazima.

Ukishajua kazi, fanya mtihani wa NITA, daraja la tatu. Sajili jina la biashara kwenye eCitizen, kisha uchukue kibali cha biashara cha kaunti. Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wametengewa asilimia 30 ya zabuni za serikali. Kujisajili AGPO ni bure.