Habari Itangulie Mzigo

Mkate tuulao asubuhi hapa shuleni umetoka mbali. Ngano nyingi inayosagwa Uganda huletwa kwa meli mpaka Mombasa, kisha hupakiwa katika malori na kusafiri zaidi ya kilomita 1,100, kwa njia ya Nairobi na Malaba, mpaka Kampala. Wengi hudhani ubaya wa safari hiyo ni urefu wake. Nataka kuonyesha ya kuwa ubaya ulio mkubwa ni kungoja, na dawa ya kungoja ni habari.

Mjomba wangu, ambaye ndiye anilipiaye ada, ni dereva wa lori. Hunisimulia jinsi alivyolala siku tatu mpakani chini ya tela lake, miaka mingi iliyopita. Mzigo ulikuwa umefika, lakini karatasi yake ilikuwa bado. Foleni ilisogea hatua moja moja, na injini hazikuzimwa.

Na tufanye hesabu kidogo. Lori kubwa lililosimama huku injini ikinguruma hula dizeli kama lita 3 kwa saa. Kila lita ikiungua hutoa hewa ya ukaa kama kilo 2.7. Basi malori 100 yakingoja saa 10 humaliza lita 3,000, na kumwaga angani karibu tani 8 za hewa hiyo, bila kupeleka mbele hata gunia moja!

Je, mitambo ya kompyuta imesaidia nini? Kwanza, tangu mwaka 2014 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia eneo moja la forodha. Mwenye mali hueleza bidhaa zake na kulipa ushuru kwa kompyuta kabla mzigo haujatoka Mombasa. Safari iliyokuwa ikichukua siku 18 hivi ilishuka ikawa siku 4 hivi.

Pili, kuna kufuli la elektroniki. Hapo zamani bidhaa za ushuru mkubwa, kama sigara, zilisindikizwa na maofisa wa forodha kwa msafara, na aliye tayari alimngoja asiye tayari. Mwaka 2017 Uganda, Kenya na Rwanda ziliunganisha ulinzi wao. Kufuli hupata habari ya mahali lilipo kutoka setilaiti, na kuipeleka ofisini kwa mtandao wa simu. Likivunjwa, au lori likiacha njia yake, ofisi hujua mara moja.

Tatu ni kurudi mtupu. Uganda huleta shehena nyingi kuliko inayopeleka pwani, kwa hiyo malori mengi hushuka bila mzigo. Kampuni kama Lori Systems, iliyoanza Kenya mwaka 2016, zilitumia simu kumkutanisha mwenye lori na mwenye mzigo. Gunia la kahawa likipata lori lirudilo, dizeli ile ile imefanya kazi mara mbili.

Lakini tusidhani mashine imemaliza yote. Mwaka 2020, wakati wa korona, foleni ya Malaba ilifika makumi ya kilomita, na makufuli yalikuwa yakifanya kazi vizuri. Kilichokosekana ni majibu ya vipimo vya madereva. Kila kontena lilijulikana liko wapi. Afya ya mtu aliyeliendesha ndiyo haikujulikana upesi. Baadaye mwaka huo huo nchi zetu zilianza kupelekeana majibu hayo kwa mtandao. Fundisho ni hili: habari za mzigo hazitoshi pasipo habari za mtu.

Wahenga walisema, Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Ninyi kaka zetu mliokwisha toka shuleni, mlio katika forodha, maghala na makampuni ya malori, mna uwezo wa kuituma habari mapema. Nasi tulio bado darasani tujifunze hesabu na kompyuta kwa bidii, ili dereva asilale tena chini ya tela kwa ajili ya karatasi moja.