Falaki si ramli: Niliyoyaona angani Ifakara

NDUGU msomaji, jambo hili nililikuta Ifakara, lakini nina hakika lipo Manzese, lipo Tandika, lipo Tanga na lipo Unguja.

Nilikwenda Ifakara mwezi wa Novemba kwa khitma ya shemeji yangu, mume wa dada yangu. Zilikuwa siku za mwisho za mwezi mwandamo, mvua zilikuwa bado hazijakolea, na usiku ule umeme ulikatika mara tu baada ya swala ya isha. Tukatandika mkeka uani. Mimi ni mwalimu wa fizikia mstaafu, na safarini huwa nachukua vitu viwili: daftari na darubini yangu kuukuu, ile ya kushika mkononi yenye matundu mawili. Nikaanza kutazama juu.

Jirani mmoja, mama wa makamo, alikuwa akiniangalia muda mrefu. Mwisho akasogea. "Shikamoo, ustadhi." Nikamwitikia. Akasema: "Nimeona unajua falaki. Nina binti yangu, posa zinakuja zinavunjika. Naomba umtazamie nyota yake. Jina lake nitakupa, na mama yake ndiye mimi." Mkononi alikuwa na noti ya shilingi elfu kumi ameikunja.

Sikucheka. Yule mama hakuwa mjinga. Alitumia neno kama alivyolisikia likitumika. Kwa watu wengi leo, ukisema falaki wanaelewa kuhesabu herufi za jina la mtu na la mama yake, kisha kumwambia atapata mume lini na nani kamfunga. Nilimrudishia noti yake, nikamwambia falaki ninayoijua mimi haina bei wala haitazami binti wa mtu. Akaguna, akakaa pembeni ya mkeka. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu, ndiye aliyeuliza swali: "Sasa mjomba, kama hiyo siyo falaki, falaki ni nini?"

Makala hii ni jibu nililompa, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baadaye.

Elimu iliyoporwa jina

Falaki asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya njia ya mzunguko, ile ambayo jua, mwezi na sayari hupita. Elimu ya falaki ni elimu ya kutazama vilivyoko angani, kuvipima, kuviandika na kuvifanyia hesabu. Ndiyo iliyotupa nyakati za swala, mwelekeo wa kibla na kalenda. Kupiga ramli ni jambo jingine kabisa, na msimamo wa dini yetu juu ya kutabiri ghaibu kila msomaji wa ukurasa huu anaujua. Tatizo ni kwamba ramli imevaa joho la falaki. Matokeo yake ni hasara mbili: masikini analiwa fedha zake, na kijana mwenye akili anaikimbia elimu akidhani ni ushirikina.

Hebu tumtazame mwanafalaki mmoja wa kweli. Abdur-Rahman as-Sufi alizaliwa Rayy, Uajemi, mwaka 903, akafariki mwaka 986. Mwaka 964 aliandika Kitabu cha sura za nyota zisizohama. Alichukua orodha ya nyota ya Ptolemy, Mgiriki wa Alexandria aliyemtangulia kwa miaka zaidi ya mia nane. Hakuinakili kichwa kichwa. Alitoka nje usiku, akaitazama nyota moja moja, na pale mwangaza alioukuta Ptolemy haukulingana na alichokiona yeye, aliandika alichokiona yeye. Kila kundi la nyota alilichora mara mbili: kama linavyoonekana ukiwa chini, na kama linavyoonekana kwenye tufe ukilitazama kutoka nje.

Ndani ya kitabu hicho, karibu na mdomo wa samaki aliyemchora, aliweka alama ya doa dogo kama wingu. Ni maandishi ya zamani zaidi tuliyonayo ya kitu kile ambacho leo kinaitwa galaksi ya Andromeda. Hakuwa na darubini. Alikuwa na macho, kalamu na uaminifu.

Somo juu ya mkeka

Nikamwambia mpwa wangu asimame aelekee kaskazini, upande wa Kidatu na milima ya Udzungwa. Ilikuwa saa nne usiku. Juu kidogo kaskazini kuna nyota nne zinazofanya mraba mkubwa; Waarabu waliweka Farasi hapo. Kutoka kona ya chini ya kulia, fuata nyota kwenda kulia: ya kwanza hafifu, ya pili inang'aa. Kutoka hiyo ya pili shuka chini, kidogo kushoto, kama upana wa vidole vinne ukiwa umenyoosha mkono. Kuna doa la mwanga mfano wa pamba iliyochambuliwa.

"Naliona, mjomba. Ni moshi?" Swali zuri, maana msimu ule watu wanachoma mashamba. Nikamwambia: tusibishane, tungoje. Moshi na wingu la mvua huenda na upepo. Kitu cha angani huenda na nyota zake. Tukaandika saa kwenye daftari. Baada ya nusu saa doa lilikuwa limesogea, lakini limesogea pamoja na nyota za jirani, masafa kati yao yale yale. Basi si moshi. Hapo kijana alikwisha kufanya falaki, na wala hakuuliza jina la mama wa mtu.

Kisha nikamgeuza aelekee kusini, upande wa mto Kilombero na Mahenge. Mbele yake kulikuwa na doa jingine, kubwa kuliko lile, na pembeni yake nyota moja yenye ukungu. Kushoto zaidi, chini kusini-mashariki, doa la tatu, kubwa kuliko yote, na jirani yake Suheli ndiyo kwanza inapanda. Haya mawili huitwa Mawingu ya Magellan, Dogo na Kubwa, kwa jina la nahodha Mreno aliyepita bahari za kusini mwaka 1520. Lakini Waarabu wa kusini walikuwa wakitaja Ng'ombe, al-Baqar, chini ya Suheli, karne nyingi kabla ya Magellan kuzaliwa, na wataalamu wengi wanaona kuwa ndilo hilo Wingu Kubwa. As-Sufi mwenyewe, akiwa Uajemi, hakuweza kuliona. Linabaki chini ya upeo wa macho.

Hapa ndipo nilipomwambia kijana jambo ambalo hata mimi sikulijua nikiwa na umri wake. Ifakara iko nyuzi 8 hivi kusini ya Ikweta. Mtu wa Paris hayaoni Mawingu ya Magellan maisha yake yote. Mtu wa Cape Town, Andromeda kwake haipandi juu sana. Mtu wa bonde la Kilombero huviona vyote viwili katika usiku mmoja, kimoja mbele yake na kingine kisogoni. Anga karibu lote limefunguliwa kwetu. Je, tumelifanyia nini?

Walioandika orodha

Wenzetu waliandika. Mfaransa Charles Messier alikuwa akitafuta nyota zenye mkia, na alichoshwa na madoa yasiyohama yaliyomdanganya. Akaamua kuyaorodhesha ili asipoteze muda tena. Orodha yake ya kwanza, yenye vitu 45, ilitoka mwaka 1774. Kufikia 1781 vilikuwa 103. Andromeda ni namba 31. Na namba 45, ya mwisho katika orodha ile ya kwanza, unajua ni nini? Ni Kilimia, nyota zile ambazo wakulima wa Kibantu wamepangia misimu tangu enzi, na mababu wa pwani wakasema kikizama wakati wa mvua huzuka wakati wa jua. Jina lenyewe limetoka kwenye kulima. Sisi tulikuwa na elimu hiyo. Daftari ndilo tulilokosa.

Mfaransa mwingine, Lacaille, alikwenda Rasi ya Tumaini Jema miaka ya 1751 hadi 1753 akaorodhesha madoa 42 ya kusini. Uingereza, William Herschel na dada yake Caroline walifikisha vitu 2,500. Mwanawe John akahamia Rasi na darubini yake toka 1834 hadi 1838 kukamilisha upande wa kusini. Mwaka 1888 Dreyer, akiwa Ireland, aliunganisha kazi hizo katika orodha moja ya vitu 7,840, ambayo wanafalaki wanaitumia mpaka leo. Wingu Dogo humo ni namba 292.

Lakini orodha si elimu kamili. Swali lilibaki: madoa haya yako mbali kiasi gani? Jibu lilitoka kwenye yale mawili ambayo mpwa wangu aliyaona mbele na nyuma yake. Henrietta Leavitt, mwanamke aliyekuwa akikagua picha za nyota Harvard, Marekani, zilizopigwa Peru, alichunguza nyota za Wingu Dogo ambazo mwanga wake hupanda na kushuka. Mwaka 1912 alionyesha kuwa nyota inayochukua siku nyingi kupanda na kushuka ndiyo yenye mwanga mkubwa zaidi. Fikiria karabai mbili unazojua zina nguvu sawa: ile inayoonekana hafifu ndiyo iliyo mbali. Leavitt alitupa njia ya kujua nguvu ya karabai. Mwaka 1923 Edwin Hubble, kwa darubini yenye kioo cha mita 2.5 huko California, aliipata nyota ya aina hiyo ndani ya Andromeda. Hesabu yake ilionyesha iko mbali sana, nje kabisa ya Njia Nyeupe yetu. Alikadiria chini ya miaka ya nuru milioni moja. Vipimo vya baadaye vikasahihisha kuwa milioni 2.5 hivi. Doa dogo la as-Sufi lilikuwa dunia nzima ya nyota. Na fimbo ya kulipimia ilichongwa kwenye Wingu la kusini, linaloonekana kutoka uani kwa dada yangu.

Orodha yenye jina la Kiswahili

Msomaji asije akadhani Afrika Mashariki haina fungu lake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Lilikuwa jukwaa la Waitaliano, setilaiti ya Wamarekani. Kazi yake ilikuwa kutafuta mionzi ya eksirei kutoka angani, ambayo hewa yetu huizuia isifike chini. Waliipa jina Uhuru. Orodha yake ya mwisho, iliyotoka mwaka 1978, ina vitu 339, na mpaka leo vitu hivyo hutambulishwa kwa herufi U ya Uhuru. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jina ni letu, bahari ni yetu. Wanafalaki wetu walikuwa wapi?

Leo Afrika Kusini ina darubini kubwa ya Sutherland iliyozinduliwa mwaka 2005 na masahani 64 ya MeerKAT yaliyozinduliwa 2018. Darubini ya James Webb ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021, na moja ya picha zake za kwanza, Julai 2022, ilikuwa ya nebula ya Carina, iliyo katika anga la kusini ambalo Ifakara inaliona vizuri. Katika mradi wa kimataifa wa darubini ya redio unaojengwa Afrika Kusini na Australia, Kenya, Msumbiji na Zambia ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizoandikishwa kuwa washirika. Tanzania haimo katika hizo nane. Haya ni mambo ya kuuliza wakubwa wetu kwa adabu, lakini kuuliza.

Tuanzie wapi?

Tuanze na daftari. Kila madrasa na kila shule yetu inaweza kuwa nalo. Usiku usio na mwezi, andikeni tarehe, saa, hali ya hewa, mlielekea wapi na mmeona nini. Msichokiona msikiandike. Anzeni na vitu vitano: Kilimia, doa lililo kwenye upanga wa Jauza, Andromeda na Mawingu mawili. Taa za Dar es Salaam zitawaficha vingi. Basi mwendapo likizo mikoani, chukueni daftari. Darubini ya mkononi yatosha, ila kamwe msiielekeze kwenye jua, itapofusha. Sisi ambao hutazama juu mara mbili kwa mwaka kutafuta mwezi, kisha tukagombana, tunahitaji watoto waliozoea kutazama anga na kuandika kwa uaminifu.

Nimalizie na yule mama. Kabla hajaondoka nilimpa darubini aitazame Kilimia. Kwa macho alihesabu nyota sita. Kwa darubini alianza kuhesabu, akafika ishirini na kitu, akaacha. Akasema, "Subhanallah. Na zote hizi zilikuwepo siku zote?" Nikamwambia zilikuwepo. Akauliza tena, safari hii polepole: "Sasa yule aliyenichukulia elfu hamsini mwaka jana kwa nyota ya mwanangu, alikuwa anatazama ipi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Mwenye nalo ni yule aliyechukua fedha. Kazi yetu ni kuhakikisha binti yake, na mpwa wangu, hawatauliza swali hilo wakiwa na umri wake.

Wallahu a'lam.