Ujumbe Ukitoka Juu, Upime Kwanza



Jioni moja hapa Michenzani kijana wa jumuiya yetu aliniuliza: "Frateri, hivi viumbe wa sayari nyingine wakitutumia ujumbe mbaya, itakuwaje?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka.

Kusikiliza anga si jambo geni Unguja. Wamarekani walikuwa na kituo hapa, na Februari 20, 1962 kilizungumza na John Glenn alipokuwa akiizunguka dunia. Wapo Wazanzibari waliokipinga wakihofia makombora, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kikafungwa. Walichouliza ni hiki: mwenye mitambo ana nia gani?

Mwaka 2018 wanasayansi Michael Hippke na John Learned waliuliza hivyohivyo kuhusu ujumbe wa anga za mbali. Walisema uwezekano wa ujumbe kuwa na nia mbaya ni mdogo, lakini ukiwa tata, huwezi kuthibitisha kabisa kwamba ni salama. Tuseme ni programu inayoahidi dawa ya saratani. Utaifungia kwenye kompyuta moja, sawa. Lakini mlinzi wake ni binadamu, na binadamu hushawishika.

Soma Mwanzo sura ya 3. Nyoka hakumpiga Eva, alimwahidi maarifa tu.

Je, imani inakataa viumbe hao? Hapana. Mwaka 2008 Padre José Gabriel Funes, aliyekuwa mkuu wa kituo cha anga cha Vatikano, alisema kukubali kwamba huenda wapo hakupingani na imani. Ila wakiwepo, nao wameumbwa kama sisi. Kutoka mbali au kuwa na akili nyingi hakufanyi neno liwe kweli. Paulo, Wagalatia 1:8, anatutaka tumkatae hata malaika akileta Injili nyingine.

Tupime vipi? Mtakatifu Inyasi wa Loyola anafundisha kwamba adui hupenda siri. Akianikwa kwa mtu mwenye busara, hushindwa.

Wenzake walipoondoka, yule kijana alinionesha simu yake. Mtu asiyemjua alimwahidi kazi Uarabuni, sharti asimwambie mama yake.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "twende kwa mama sasa hivi."

Tukaenda.

Tafakari: Ni ujumbe gani kwenye simu yako usingependa mzazi au padre auone? Mwoneshe leo.